GOKATI ZA KIZIMBA ZINAKUFA, NA SISI AKINA MAMA TUMEKAA KIMYA

SEHEMU YA 1: Ubishi wenyewe ni huu

Niliwaahidi mfululizo wa homa za watoto wachanga. Huo nimeusogeza mbele kidogo. Kuna jambo linaniwasha na lina tarehe ya mwisho, kwa hiyo leo naandika sehemu sita mfululizo. Chukua chai yako, twende.

Wanaonijua wanajua mimi ni muuguzi. Diploma yangu niliipata nyumbani Kenya, na sasa nafanya kazi hospitalini huku Indiana, Marekani, kitengo cha dharura. Ambalo wengi hamlijui ni kwamba Jumamosi nisipokuwa zamu mimi hukaa kwenye benchi la mbao, leso kiunoni, vizibo masikioni, namtazama kijana wangu wa miaka tisa akizunguka kwenye udongo ndani ya gokati.

Kwa asiyejua: gokati ni kile kigari kidogo cha chini, injini nyuma, hakina mlango wala paa. Huku Marekani ya katikati watu wengi hawaiendeshi kwenye njia za kona kona kama unazoziona kwenye runinga. Wanazunguka kwenye njia ya umbo la yai, mara nyingi ya udongo, kila kona ni ya kushoto. Na gokati ziko za aina mbili. Kuna gokati bapa, mtoto anakaa wazi, hana mkanda. Halafu kuna gokati za kizimba: mabomba ya chuma yamemzunguka dereva pande zote na juu ya kichwa, na yeye amefungwa mikanda ya begani, kiunoni na katikati ya mapaja.

Sasa sikiliza. Uwanja tunaokwenda (siutaji jina, na wewe usiutaje kwenye maoni) umetutangazia hivi: daraja la watoto la kizimba likikosa gokati tano kila jioni hadi mwisho wa Juni, linafutwa. Watoto watahamia gokati bapa au wakae nyumbani. Jumamosi iliyopita zilikuja tatu.

Baadhi ya akina baba wamefurahi. Ati kizimba ni cha waoga, ati kimepitwa na wakati, ati watoto wenyewe wamekichoka.

Mimi nabisha. Watoto hawajakichoka. Waliochoka ni wazazi, na hasa akina mama, tena wamechoshwa na mambo ambayo hayana uhusiano wowote na kizimba. Nitaonyesha moja baada ya jingine.

SEHEMU YA 2: Kilichowavuta watu tangu mwanzo

Tuanze na historia kidogo, usiogope, ni fupi. Gokati ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1956 kule Glendale, California, na fundi mmoja aitwaye Art Ingels akisaidiwa na Lou Borelli. Walichukua injini ya mashine ya kukata nyasi wakaifunga kwenye fremu ya mabomba. Basi. Huo ndio mwanzo wa mchezo wote huu. Mchezo wa watu wenye karakana ndogo na hela kidogo.

Gokati ile ya kwanza ilikuwa bapa. Na hapa akina mama wengi huniuliza swali zuri sana: mbona gokati bapa haina mkanda? Kwani wazazi hao ni wazimu? Hapana, kuna sababu. Gokati bapa ikipinduka, hakuna chuma chochote cha kuizuia isikulalie. Ukiwa umefungwa mkanda, umefungwa chini yake. Kwa hiyo wazo lao ni kwamba bora utupwe nje kuliko kukandamizwa. Ndivyo ilivyo kwenye pikipiki pia, hakuna anayejifunga mkanda kwenye bodaboda.

Kizimba kikaja na wazo la kinyume. Kama chuma kinakuzunguka, basi njia salama ni kubaki ndani. Ndiyo maana mkanda na kizimba ni mume na mke. Kizimba bila mkanda ni kama kumtia yai kwenye kopo tupu na kulitikisa. Mkanda bila kizimba nimeshaeleza.

Hili ndilo lililowavuta akina mama. Mama anaangalia gokati bapa, anaona mtoto wake yuko juu ya ubao wenye magurudumu. Anaangalia kizimba, anaona kitu kinachofanana na kiti cha mtoto cha garini. Mkanda anaujua. Kila asubuhi anamfunga mtoto mkanda akimpeleka shule.

Na si mawazo ya mama wa kawaida tu. Jeff Gordon, bingwa wa NASCAR mara nne (1995, 1997, 1998 na 2001), alianza mashindano akiwa na miaka mitano hivi, kwenye kigari kidogo chenye kizimba kiitwacho quarter midget, ndugu wa karibu wa hizi gokati zetu. Kabla ya hapo alikuwa kwenye baiskeli za mashindano, na mamake aliona watoto wanavunjika, akakataa. Kizimba kikawa ndiyo suluhu ya nyumba ile. Kyle Larson, bingwa wa mwaka 2021, alianza akiwa na miaka saba kwenye gokati za kizimba za Kaskazini mwa California, zile zenye bawa juu.

Kitu cha pili kilichovuta watu ni kwamba kizimba hakikuwa cha watoto peke yao. Gokati bapa inapenda mtu mwembamba, anayekunja miguu bila kulalamika. Kizimba kina kiti kilichonyooka kidogo na nafasi kubwa zaidi. Baba mwenye tumbo lake, babu wa miaka sitini, dada aliyetoka kujifungua mwaka jana, wote waliweza kukaa. Nimeona familia ambapo baba, mama na binti walishindana jioni moja, kila mtu daraja lake, wakila soseji pamoja katikati. Huo ndio ulikuwa mvuto.

SEHEMU YA 3: Basi nini kimekiua?

Nimewauliza wazazi walioacha. Siyo utafiti, ni mazungumzo ya mama kwa mama nje ya kantini, lakini majibu yanafanana mno.

La kwanza ni pesa za injini. Miaka ya katikati ya 2000 zilianza kuingia injini za bei nafuu kutoka China, zilizonakili Honda GX200 ya Japani, ile injini ya jenereta na pampu ya maji ambayo hata nyumbani tunaijua. Ilikuwa neema kwelikweli. Baba ananunua injini, anaifunga, mtoto anashindana. Halafu wakatokea wajanja. Wakaanza kuzifungua, kusugua kila kipande, kupima kila skrubu, na kuziuza mara kadhaa ya bei ya dukani. Kisheria bado ni injini ileile ya bei nafuu. Kwa kweli ni kitu kingine kabisa. Mtoto mwenye injini ya dukani anapitwa kila mzunguko. Mama anauliza, "Mbona mwanangu ni wa mwisho kila wiki?" Anajibiwa, "Nunua injini nzuri." Mama anafunga pochi, anaondoka. Wewe ungebaki?

La pili ni tairi, nitalieleza kwenye sehemu ya 5 kwa sababu lina sumu ndani yake.

La tatu ni wingi wa madaraja. Kila mzazi aliyelalamika alipewa daraja lake. Uzito huu, injini ile, umri huu, tairi zile. Mwisho wake jioni moja ina madaraja kumi na kitu, kila moja lina gokati tatu nne. Watu wanasema kizimba kina watu wachache. Si mmewagawa nyinyi wenyewe! Ukikata mkate mmoja vipande ishirini, usishangae kila mtu anapolala njaa.

La nne linatokana na la tatu: saa. Madaraja mengi maana yake jioni ndefu. Nimeona fainali ya watoto wa miaka sita inaanza saa nne usiku. Saa nne! Mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa saa tisa hadi kumi na mbili, na mtoto aliyechoka mikono yake haimtii kwa haraka. Halafu mnashangaa akigonga ukuta. Familia changa yenye mtoto mwingine wa kunyonya haiwezi kukaa kwenye baridi mpaka saa tano usiku. Ikienda mara moja, hairudi.

La tano, niseme haki, linahusu kizimba chenyewe. Ni kizito zaidi. Gokati bapa watu wawili wanainyanyua wanaitupa nyuma ya pikapu. Kizimba kinataka trela. Na kwa injini ileile kinakimbia polepole kuliko bapa, kwa hiyo wapenda kasi wanakidharau. Wenye hela zaidi wanavuka kwenda kwenye magari makubwa kidogo yenye injini za pikipiki. Na kikianza kupungua kinaingia kwenye mzunguko mbaya: hakuna wa kushindana naye, kwa hiyo hakuna anayenunua, kwa hiyo ukitaka kuuza hupati mnunuzi, kwa hiyo mzazi mpya anaogopa kununua.

Hesabu sasa. Katika hayo matano, ni lipi ambalo ni kosa la mtoto? Ni lipi linalosema watoto wamechoka na kizimba? Hakuna hata moja. La tano ni la uzito na trela, nalo halikuwaua miaka yote ile madaraja yalipokuwa yamejaa. Manne ni ya watu wazima na yanaweza kusahihishwa kwenye kikao kimoja.

SEHEMU YA 4: Lakini kizimba kisikudanganye

Hapa nitawaudhi wale wanaoniunga mkono. Poleni, mimi ni muuguzi kwanza.

Kizimba kinaweza kumpa mama usingizi wa bure. Anaona vyuma, anaona mikanda, anasema yuko salama, anaenda kununua viazi. Twende taratibu hapa kwa sababu ndilo jambo muhimu kuliko yote niliyoandika leo.

Gokati ikigonga ukuta, kizimba kinasimama. Mkanda unasimamisha kifua. Kichwa je? Kichwa hakijafungwa na kitu. Kinaendelea mbele kwa kasi ileile, na kinachokizuia ni shingo. Na kichwa kimevaa helmeti, kwa hiyo kimeongezwa uzito.

Sasa fikiria mwili wa mtoto. Mtoto mchanga kichwa chake ni kama robo ya urefu wake. Mtu mzima ni kama moja ya nane. Mtoto wa miaka saba yuko njiani, kichwa kikubwa, misuli ya shingo bado myembamba. Ndiyo sababu tunawaambia viti vya watoto wadogo garini vitazame nyuma. Mantiki ni ileile.

Watu wazima wamelipia somo hili kwa maisha. Mwaka 2000 Adam Petty, kijana wa miaka 19, na Kenny Irwin, mtoto wa hapahapa Indianapolis, walifariki miezi miwili tofauti kwenye uwanja mmoja kule New Hampshire. Tarehe 18 Februari 2001 akafuata Dale Earnhardt, jina kubwa kuliko yote, kwenye mzunguko wa mwisho Daytona. Wote walikuwa ndani ya kizimba. Wote walikuwa na mikanda. Wote walivunjika chini ya fuvu, pale kichwa kinapokaa juu ya shingo. Oktoba 2001 NASCAR ikalazimisha kila dereva avae kifaa cha kushika kichwa na shingo.

Kifaa chenyewe kilikuwepo tangu miaka ya 1980. Kinaitwa HANS, kilibuniwa na profesa Robert Hubbard wa Michigan State pamoja na shemeji yake Jim Downing ambaye alikuwa dereva. Kinakaa mabegani chini ya mikanda na kinashikana na helmeti kwa kamba mbili fupi. Siku hizi kuna vya aina nyingi na vipo vya saizi za watoto.

Ile kola ya sponji unayoizungusha shingoni mwa mtoto si kifaa hicho. Narudia, kola ya sponji si kifaa hicho. Inasaidia helmeti isimkandamize begani, lakini haina kamba ya kukizuia kichwa kisiende mbele.

Kwa hiyo kabla mwanao hajaingia kwenye kizimba, wewe mwenyewe mama, si fundi, si baba, pitia haya:

Mikanda. Imekazwa hadi huwezi kubana mkanda wa begani kwa vidole viwili ukafanya mkunjo. Wa katikati ya mapaja upo, maana bila huo mtoto huteleza chini ya mkanda wa kiunoni na tumbo ndilo linalobeba pigo. Soma lebo ya tarehe. Mikanda mingi ya mashindano yenye alama ya SFI huhesabiwa miaka miwili tu. Jua na jasho vinaila.

Helmeti. Si ya pikipiki. Helmeti za mbio zenye alama ya Snell SA au K hupimwa pia kwa kugongwa kwenye bomba kama la kizimba, za pikipiki zenye alama ya M hazipimwi hivyo. Na SA hupimwa moto, K haipimwi. Ziko nyepesi za watoto, tafuta hizo. Iliyowahi kugonga, itupe.

Sponji ngumu kwenye mabomba yote yaliyo karibu na kichwa.

Kamba za mikono. Gokati ikipinduka, mkono wa mtoto hutoka nje wenyewe akijaribu kujizuia. Kizimba kikaangukia mkono. Kamba fupi zinaubakiza ndani.

Nywele na nguo. Rasta zote ndani ya helmeti au ndani ya suti. Hijabu iwe ile ya michezo, imebana, isiyo na ncha. Mwaka 2010 Australia mama mmoja alifariki kwenye gokati ya kukodi baada ya kitambaa cha vazi lake kunaswa kwenye magurudumu. Na hili nawaambia pia nyinyi mlioko Nairobi, Mombasa na Dar mnaokodi gokati siku ya sikukuu. Leso, ushungi, skafu, acha kwenye mkoba. Kizimba hakizuii kitambaa kuingia kwenye ekseli.

Na akigonga kichwa, hata kama anacheka, jioni yake imekwisha. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akiuliza swali moja mara tatu, akisema kichwa kinazidi kuuma, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, njoo kwetu dharura usiku huohuo. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria kuhusu mtikisiko wa ubongo kwa watoto wanaocheza michezo, ya kwanza ikiwa ya Washington mwaka 2009, lakini nyingi ziliandikwa zikifikiria shule. Usitegemee mtu wa bendera akulindie ubongo wa mwanao.

SEHEMU YA 5: Sumu, moshi na kelele

Watu wa uwanjani hawapendi nikigusa hapa. Nitagusa.

Tairi. Kwenye udongo, tairi laini inashika zaidi. Basi watu wanazipaka dawa za kulainisha, wanazizungusha kwenye mashine ndani ya gereji usiku kucha, na wanapaka tena uwanjani. Nyingi za dawa hizo ni viyeyusho vikali, jamaa za toluini na kadhalika. Vinapita kwenye ngozi na vinapita kwenye pumzi. Vinaleta kizunguzungu, kichwa kuuma, na vikizidi vinadhuru ini, ubongo na mimba. Halafu unamwona mtoto wa miaka nane anamsaidia babake kupaka, mikono mitupu, na mama mjamzito amekaa kwenye kiti pembeni anawaangalia.

Mama mjamzito, toka hapo. Usiaibike, usiombe ruhusa. Toka.

Na tazama linavyohusiana na kufa kwa kizimba. Mwenye dawa nzuri anashinda. Dawa ni pesa, ni siri, na ni gereji inayonuka. Mama mgeni akishaona hivyo mara moja, anakuwa ameshaamua. Kuna viwanja vimepiga marufuku dawa hizo na vinapima tairi kwa kifaa cha kunusa. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Methanoli. Madaraja mengine yanatumia methanoli badala ya petroli. Haina rangi, na mwali wake hauonekani vizuri mchana, mtu anaungua na wewe huoni moto. Mtoto akinywa hata kidogo inaweza kumpofusha au kumuua, na dalili kubwa zinaweza kuchelewa hadi siku nzima. Nimeona kwa macho yangu imewekwa kwenye chupa ya soda. Chupa ya soda, jamani! Ukishuku mtoto amekunywa usingoje dalili. Marekani piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, saa yoyote, ni bure. Kama hazindukani, 911.

Moshi. Majira ya baridi mbio zinahamia ndani ya majengo. Hapa Indiana kuna zile kubwa za mwisho wa Desemba kule Fort Wayne, na watoto wanazipenda kweli. Ndani ya jengo uliza habari ya kupitisha hewa. Familia nzima ikiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, hiyo si mafua wala soseji mbovu. Tokeni nje kwanza, kisha mseme.

Kelele. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanasema desibeli 85 kwa saa nane ndio mwisho, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Ukifika 100, una dakika kumi na tano tu. Mtoto mchanga mgongoni mwako hana mkono wa kuziba sikio. Mvalishe vile vya kufunika masikio, au abaki na shangazi.

SEHEMU YA 6: Majibu yangu kwa wabishi, na ninachotaka

"Huo ni mchezo wa wazungu." Nimelisikia kanisani, nimelisikia msikitini kwa majirani, nimelisikia kwa Wakongo, Warundi na Wakenya sawasawa. Mwanao anaishi hapa. Anasoma hapa, marafiki zake wako hapa. Uwanja uko dakika ishirini kutoka nyumbani kwako na unatumia barabara uliyolipia kodi. Akipenda mpira, vizuri. Akipenda injini, ni ya nani hiyo ruhusa anayohitaji?

"Wewe nesi unahimiza hatari?" Kila mchezo una majeraha, na sisi wa dharura tunayaona yote: trampolini, baiskeli, mpira, pikipiki za watoto. Sijasema kizimba ni salama kama kitanda. Nimesema kati ya mtoto aliyefungwa ndani ya chuma akiwa na kifaa cha shingo, na mtoto aliyekaa wazi bila mkanda, mimi najua ninayetaka kumwona Jumamosi usiku. Wanaofuta la kwanza na kubakiza la pili wasijifiche nyuma ya neno usalama.

"Gokati bapa inafundisha zaidi." Inaweza kuwa kweli. Tony Stewart, mtoto wa Columbus hapa Indiana, alikulia kwenye gokati za kawaida na akawa bingwa mara tatu. Sina ugomvi na bapa. Anayetaka bapa aende. Ninachokataa ni kumnyang'anya mzazi uchaguzi, kisha kumwambia mtoto wake ndiye aliyechoka.

"Ni biashara, viti vikiwa vitupu wafanyeje?" Swali la haki. Basi haya ndiyo ninayotaka, nimeyaandika na nitayapeleka kwa mwenye uwanja nikiwa na majina yenu:

1. Daraja moja tu la watoto la kizimba. Injini moja, iliyofungwa kwa lakiri kiwandani, kama ile 206 ya Briggs & Stratton. Ukifungua lakiri umetoka. Hapo baba mwenye pesa na mama mwenye zamu mbili watoto wao wanalingana.

2. Tairi za aina moja, dawa marufuku kabisa, na zipimwe kweli.

3. Kifaa cha kushika kichwa na shingo kiwe lazima. Tarehe za mikanda zikaguliwe langoni.

4. Watoto wamalize kabla ya saa mbili usiku. Wakubwa wakeshe wakitaka.

5. Aliyegonga kichwa harudi jioni hiyo, na harudi wiki inayofuata bila karatasi ya daktari.

Hakuna hata moja linalomgharimu mwenye uwanja pesa za maana. Mawili ya kwanza yanatupunguzia sisi gharama. La nne linarudisha familia changa. La tatu na la tano ndiyo yanayonipa mimi uso wa kukuambia njoo.

Gharama ya kweli ipo kwenye kile kifaa cha shingo, sifichi. Ni pesa. Lakini kinahama kutoka mtoto mkubwa kwenda mdogo, na hata kutoka nyumba moja kwenda nyingine mradi saizi inamtosha na hakijagonga. Kuna viwili hapa kwangu ambavyo wazazi walioacha wamekubali tuvikopeshe. Mmoja wao ana gokati nzima imekaa chini ya turubai tangu mwaka juzi, yuko tayari mtoto mwingine aijaribu kabla hamjaongea bei.

Tunahitaji gokati tano. Tuna tatu. Zimebaki Jumamosi sita hadi mwisho wa Juni.

Kwa hiyo wewe mama uliye karibu nasi, mwenye mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mbili, wa kike au wa kiume, andika NIPO kwenye maoni, nitakutafuta kwa ujumbe. Njoo uangalie tu kwanza, si lazima aendeshe siku ya kwanza. Njoo na vizibo vya masikio, maji, sweta, na maswali yako yote ya ukali. Mtoto mdogo abaki na shangazi.

Uliye mbali, mtumie mama mwenzako sehemu ya 4 na ya 5. Hizo hazihitaji uwanja.

Homa za watoto wachanga zinakuja Jumatano, sijasahau.